Juzuu Amma nimeihifadhi tangu utotoni, lakini aliyenifanya niisikie ni katekista wa huku kwetu Lindi

#1 Karani Mstaafu (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu nimeuandika kichwani miaka kadhaa, na kila nikitaka kuuweka naogopa. Naogopa ndugu zangu Waislamu wataniona nimelegea, na naogopa Wakristo wataniona samaki aliyekwisha kuchungulia ndani ya dema, bado kusukumwa tu. Leo mvua inanyesha tangu alfajiri, shamba hakuendeki, nimekaa barazani na simu. Naandika.

Mimi ni Mmwera, Muislamu wa kuzaliwa. Chuoni nilisomeshwa na maalim ambaye bakora yake naweza kuichora mpaka leo, fundo kwa fundo. Nilipofika miaka tisa Juzuu Amma, ile ya mwisho ya Qur'ani, yote ilikuwa kichwani. Kijiji chetu kiko kati ya Mtama na Nyangao, barabara ya kwenda Masasi. Wa huko mnajua tulivyo: ukoo mmoja una Hamisi na una Kosmasi, msiba ukitokea mnaulizana kwanza "huyu anazikwa na shehe au na padri?", kisha wote mnashika majembe.

Mwaka 2017 nilikuwa karani wa mizani kwenye chama kimoja cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho. Jina la chama mniachie, wahusika wengine bado wapo na wana watoto. Ni mwaka mmoja kabla ya ule msimu ambao Serikali ilinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakabeba magunia.

Mizani yetu ilikuwa ile ya kuning'iniza, uso wake kama saa ya ukutani. Mkulima anashusha gunia la katani, vijana wanalitundika kwenye ndoana, sindano inacheza, karani anasoma. Ukikaa kwenye kazi ile siku tatu unagundua jambo: mkulima haangalii sindano, anaangalia mdomo wako. Nikisema themanini, basi ni themanini. Kisha natoa kilo mbili, "za gunia na unyaufu". Gunia tupu la katani ni kama kilo moja. Ile ya pili mwisho wa msimu inakutana na wenzake, zinakuwa magunia, na magunia yanapewa jina la mtu asiyekuwa na hata mche mmoja wa mkorosho. Mchezo huo sikuuanzisha mimi, niliukuta. Lakini bahasha nilipokea.

Siku hiyo akaja mzee mmoja, katekista mstaafu, na magunia sita kwenye guta. Nilipompimia la kwanza na kutoa zangu mbili, hakubisha. Akasema tu, "Mjukuu wangu, hebu nitundikie na gunia tupu."

Foleni ikacheka. Nikalitundika kwa jeuri, nikiwa najua kabisa kitakachotokea. Sindano ikapanda, ikayumba, ikatulia kwenye moja. Mzee akaitazama, wala hakuitaja. Akasema kama anajisemea: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza."

Damu ikanipanda. Nikamjibu mbele za watu: "Babu, hayo kamsomee padri wako. Mimi nina kitabu changu."

"Najua, mwanangu. Na ndani ya kitabu chako kuna sura nzima ya karani wa mizani. Nikipita chuoni jioni nawasikia watoto. Wailu... wailu... hebu nisaidie, inaanzaje ile?"

Sikutaka, lakini mdomo wenyewe ukaimalizia: *Waylul-lil-mutaffifin.* Ole wao wapunjao. Ambao wakijipimia kutoka kwa watu hutaka kijae, na wakiwapimia wengine hupunguza. Nimesimama, kalamu mkononi, daftari wazi, kilo mbili nimeshazitoa na wino haujakauka.

Ile sura nimeisoma mara ngapi? Nimeswali nayo, nimewasahihishia wadogo zangu matamshi yake. Nilikuwa naijua kama mtu anavyoijua njia ya kwao usiku, miguu inakwenda na macho hayana kazi. Ilibidi aje mtu wa kitabu kingine na mstari mmoja wa Mithali (11:1, nilikwenda kuutafuta) ndipo nikasikia nilichokuwa nasema tangu nina miaka tisa. Ya kwetu nilishaota sugu nayo. Ile ya jirani sikuwa na kinga nayo, ikapenya.

Jioni nikaenda kwake kumwomba radhi, nikatoka na Biblia yake. Ni ile ya Union ya 1952, jalada limeshonewa kipande cha khanga. Alinipa kwa sharti moja: "Usiilaze chini. Iweke juu kama mnavyoweka msahafu." Nikaanza na Mithali, maana ndiko nilikopigwa.

Na nikapigwa tena. Iko sehemu inasema: "Haifai kitu, haifai kitu, asema anunuaye, lakini akiisha kwenda zake hujisifu." Wakuu, kama hamjawahi kumwona mnunuzi wa kangomba, yule wa kununua korosho kwa magendo, akifanya kazi hamtaelewa nilivyocheka usiku ule peke yangu. Anakuja miezi ya njaa, msimu bado, kisado kwapani. Anachota korosho zako, anaipasua moja kwa kisu, anakunja uso. "Mama, hizi nyepesi. Hizi zimelowa. Nakusaidia tu." Mama wa watu anaona aibu ya korosho zake mwenyewe. Jamaa akifika kijiweni anaagiza soda ya kila mtu. Nani alimsimulia mwandishi wa Mithali habari za kangomba?

Swali langu kwenu: ni wangapi mmewahi kufunzwa na kitabu cha jirani, na mlifanyaje baada ya hapo? Matusi ya dini naomba tuyaache nje pamoja na viatu.

---

#2 Mzawa wa Ruangwa

Nimeweka kambi hapa. Uzi mtamu, ila mkuu naona umepita haraka kwenye bahasha. Zile kilo zilienda wapi? Mimi ni mkulima, nauliza kikulima.

---

#3 Ibn Mikindani

Assalaam alaykum. Mleta mada, kosa lako la kupunja umelikiri, Allah akusamehe. Lakini unafungua mlango usioujua. Sisi tunaamini Taurati, Zaburi na Injili zilishushwa, na tunaamini pia kwamba mikono ya watu imepita humo. Sasa wewe unakaa usiku unasoma, utajuaje kipi ni kipi? Ulikuwa na Surat Al-Mutaffifin, na Surat Luqman unayo, imejaa wasia wa baba kwa mwanawe. Ulikosa nini mpaka ukaazime?

Yule mzee alisema kweli, sawa. Tunaikubali kweli kwa sababu Qur'ani imeisema. Tusigeuze hadithi ikawa kwamba Qur'ani ilikuwa inasubiri kuamshwa na Mithali.

---

#4 Mbarikiwa wa Shangani

Bwana Yesu asifiwe! Kaka, mimi machozi yamenitoka. Hiyo haikuwa mizani tu, hiyo ni sauti inakuita. Umebakiza hatua moja. Mtwara mjini hapa Jumapili tuko wengi, njoo nitakupokea stendi mwenyewe. Mithali ni mlango tu, mwenye nyumba unamjua.

---

#5 Karani Mstaafu

Wawili mmenijibu kama nilivyoota mtanijibu, ha ha.

@Mbarikiwa, asante kwa upendo, na najua ni upendo. Lakini sijahama na sihami. Naswali tano zangu. Na nikuambie kitu usichukie: yule mzee tangu 2017 hajanialika kanisani hata siku moja. Angenialika wiki ile ile ningerudisha Biblia yake na khanga yake na pengine mizani ningeendelea nayo vile vile. Alikuwa na samaki mkononi na hakumvuta. Mimi hilo naliona ni sehemu ya hekima yenyewe. Iko kwenye barua ya Yakobo, alinionyesha baadaye, kwamba hekima itokayo juu ni "ya amani, ya upole, tayari kusikiliza maneno ya watu". Hapo kwenye kusikiliza nilimuuliza, hata maneno ya Waislamu? Akasema, "Hapo hapajaandikwa watu gani."

@Ibn Mikindani, sheikh wangu, nakubali karibu yote. Qur'ani haikuwa inasubiri kuamshwa. Niliyelala ni mimi. Unaniuliza nilikosa nini mpaka nikaazime. Sikukosa aya, nilikosa masikio. Na ukitaja Luqman, wanavyuoni wengi wanasema hakuwa nabii. Ni mtu aliyepewa hekima, na Mwenyezi Mungu akampa sura nzima kwa jina lake. Mimi nilipokuta Mithali nayo inasema "mwanangu, mwanangu" kila ukurasa, sikujiona niko ugenini.

@Mzawa wa Ruangwa nimekuona. Nitafika huko.

---

#6 Mwalimu wa Chikundi

Nimefundisha Masasi muda mrefu, sasa nimestaafu, kwa hiyo nivumilieni urefu.

Mnagombania nani aazime kwa nani, na Mithali yenyewe imeazima. Kuna mafunzo ya Mmisri wa kale aitwaye Amenemope. Mafunjo yake yako kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza, yalichapishwa 1923, na mwaka uliofuata msomi wa Kijerumani Adolf Erman akaonyesha jinsi yanavyofanana na Mithali kuanzia 22:17. Usimnyang'anye maskini, usifanye urafiki na mtu wa hasira, usisogeze mpaka wa zamani, mali hufanya mabawa ikaruka. Yako huku na yako kule, na wasomi wengi wanaona ya Mmisri ndiyo ya kwanza. Fikirini, Misri! Nyumba ya utumwa! Watu waliokuwa wanasimuliana kila Pasaka walivyoteswa na Mmisri wakaona neno la Mmisri ni la kweli, wakalipa nafasi kwenye kitabu chao kitakatifu.

Sasa mleta mada shika kiti. Huyo Amenemope kazi yake ilikuwa nini? Alikuwa afisa wa nafaka na vipimo. Karani mwenzio. Na ana mlango mzima wa kuonya watu wasichezee mizani wala kuharibu mawe ya kupimia.

La pili ni Yethro. Kutoka 18. Musa ametoka kupasua bahari, anaongea na Mungu, na anakaa tangu asubuhi hadi jioni anaamua kesi za watu peke yake. Mkwewe, kuhani wa Midiani, mtu wa dini nyingine, anamtazama siku moja tu kisha anamwambia hii kazi unaifanya vibaya, utajichosha wewe na watu wako, gawa madaraka. Musa hakumwambia "nina kitabu changu". Alimsikiliza mkwewe, akafanya yote.

Kwa upande wenu Waislamu, wapo wanaosema Yethro ndiye Nabii Shuaib, wapo wanaokataa, mimi siingii humo. Ila Shuaib alitumwa Madiani kusema nini, Ibn Mikindani? Wewe unajua kuliko mimi.

---

#7 Ibn Mikindani

"Timizeni kipimo na mizani." Surat Hud, na iko Al-A'raf pia.

Mwalimu, umenivutia kwenye kona. Nacheka peke yangu.

---

#8 Mwalimu wa Chikundi

Nimesahau moja. Askofu Steere, huyu wa UMCA, misheni ya Kianglikana, mwaka 1876 alishuka Lindi na watumwa waliokombolewa Unguja, wakapanda kwa miguu mpaka Masasi. Steere huyo huyo ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Alipotaka maneno ya kusema toba, rehema, imani, sadaka, dhambi, aliyakuta midomoni mwa Waislamu. Hata "hekima" tunayoizungumzia hapa ni hikma ya Kiarabu. Mkristo wa Masasi akisali kwa Kiswahili anasali kwa maneno aliyoyakuta kwa jirani, na hajafa.

---

#9 Mama Feri

Nauza samaki Feri hapa Mtwara, nasoma uzi huu kati ya mteja na mteja, mkiona nimekatika mjue kuna mtu anataka changu.

Mimi ni Mkatoliki na nimechoka na Mithali. Nasema wazi. Kila kitchen party, kila harusi, mwanamume anasimama na Mithali. Mwanamke mgomvi ni kama paa linalovuja. Mke mwema nani awezaye kumwona, anaamka kabla ya kucha, taa yake haizimiki. Ninaamka saa tisa usiku kuwahi ngalawa, nani kanisomea mimi hiyo kama sifa? Wanaisoma kama orodha ya kazi. Na fimbo! Baba yangu alikuwa anatupiga huku anautaja ule mstari wa asiyetumia fimbo humchukia mwanawe. Nyinyi mnaongea hekima, mimi mstari ule nausikia mgongoni.

Halafu huo mlango wa 31 unaanzaje? Maneno ya mfalme Lemueli, *aliyofundishwa na mama yake*. Mama ndiye mwalimu pale! Na wa kwanza kuambiwa ni mfalme mwanamume: usimalize nguvu zako kwa wanawake, punguza pombe, fumbua kinywa chako kwa ajili ya asiyeweza kusema. Sijawahi kusikia harusini wakianzia hapo. Wanaruka moja kwa moja kwenye taa isiyozimika.

---

#10 Mtoto wa Mchinga

Mimi dini zote nimeziweka kando, msinirushie mawe. Nilisoma Mithali sekondari kwa shida za mitihani. 26:4 usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. 26:5, mstari unaofuata kabisa, mjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Sasa hekima iko wapi hapo? Mwandishi alisinzia katikati?

---

#11 Mwalimu wa Chikundi

Aliyeipanga mistari hiyo aliiweka jirani makusudi, kijana, angetaka kuficha angeiweka mbali. Wa kwanza unakupa sababu: usije ukafanana naye. Wa pili unakupa nyingine: asije akajiona ana hekima. Kazi ya kujua leo ni siku ya upi ameiacha kwako. Ni kama "haraka haraka haina baraka" na "ngoja ngoja huumiza matumbo". Bibi yako alizisema zote mbili, na hakuwa amesinzia.

Mfano: nimeamua kukujibu.

---

#12 Mtoto wa Mchinga

😂😂 Mwalimu nimekubali, hiyo imeingia. Lakini bado sijui uliponijibu ulitumia mstari wa nne au wa tano.

---

#13 Karani Mstaafu

Mama Feri, nimesoma maneno yako mara tatu.

Nilimpelekea mzee suala la fimbo, wakati ule ule wa mwanzo, maana na mimi nilikuwa nalo langu kutoka chuoni. Alikaa kimya akamenya muhogo mpaka ukaisha. Kisha akasema alikuwa anapiga wanawe, wanne, na mmoja wao yuko Dar hajapiga simu miaka mingi. "Mstari niliushika vizuri, mtoto nikamkosa." Hakusema mstari ni mbaya. Hakusema ni mzuri. Akachukua muhogo mwingine.

Mimi kabla ya hapo nilidhani kusoma kwa unyenyekevu maana yake ni kumeza. Yule mzee amesoma kitabu kimoja miaka sitini na bado kuna mahali anakwama, na anasema amekwama. Sijui wengine, mimi pale ndipo nilipoanza kumwamini kwenye yale mengine.

Na kuna mtu humo kwenye Mithali anaitwa Aguri, mlango wa 30. Huyu ndiye rafiki yangu. Anaingia kwenye kitabu cha hekima kwa kusema yeye ni kama mnyama kuliko mtu, hekima hakujifunza. Wenzake wote wamekuja na mawaidha, yeye kaja na kukiri. Halafu anaomba dua ambayo naisema mpaka leo, na sioni imani yangu inapungua: "Usinipe umaskini wala utajiri, unilishe chakula kilicho kadiri yangu." Sababu anaitoa mwenyewe, nikishiba sana nitamkana Mungu, nikikosa sana nitaiba. Karani wa mizani anaielewa dua hiyo kuliko askofu.

Baadaye anataja wanyama wanne wadogo wenye akili. Chungu tunawajua, nzige tunawajua, mjusi yupo hata kwenye nyumba za wafalme. Wa nne ni wibari. Nikamuuliza mzee, wibari ndiye nani? Akacheka. "Hujawahi kufika Masasi?" Tukapanda basi siku ya mnada wa nguo, kisa wibari! Akanipeleka chini ya yale majabali, akanionyesha kwa kidole: pimbi, wamekaa juu ya jiwe wanaota jua, wanono, hawana kucha za maana wala meno ya kutisha. Mwewe alipopita juu, hata sijapepesa jicho, jiwe likawa tupu. "Hana nguvu," akasema, "lakini anajua hana." Tukala maandazi pale pale, tukarudi.

---

#14 Ibn Mikindani

Nimerudi. Nilitaka kukuletea ile riwaya watu wanayoipenda, kwamba hekima ni kitu kilichompotea Muumini, popote akikiona ana haki nacho zaidi. Iko kwa Tirmidhi na Ibn Majah. Lakini amana ya elimu inanilazimu niseme isnadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi, ni dhaifu, na Tirmidhi mwenyewe ameashiria hilo. Kwa hiyo sikuletei kama hoja. Nakuletea kama maneno mazuri.

Bado nasema mtoto asiye na msingi asipewe kitabu cha wengine akasome peke yake. Hapo sitoki. Ila jana nimeswalisha isha hapa Mikindani, nikajikuta nasoma Al-Mutaffifin, na nilipofika aya ya tatu nilisita kidogo. Maamuma wakadhani nimesahau. Nina duka la rejareja, mleta mada. Sukari napima kwa kopo.

---

#15 Mzawa wa Ruangwa

Naona kila mtu anatubu hapa vizuri kabisa, mpaka sheikh na kopo lake. Mimi nilikuwa nasubiri kilo.

Nyinyi mmezunguka Mithali nzima, Misri mmefika, Masasi mmefika kutazama pimbi. Mimi Mkristo wa kawaida najua hadithi moja ya mtu kama mleta mada. Zakayo. Mfupi, mtoza ushuru, alipanda mkuyu. Yesu alipoingia kwake hakusema "Bwana nimefunzwa sana". Alisema kama nimemnyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne. Mara nne ni torati yao, aliyeiba kondoo mmoja akamchinja au kumuuza alipe wanne. Sasa mkuu, hekima umeiona, unyenyekevu umeuona. Kilo.

---

#16 Karani Mstaafu

Haya. Nilijua hutaniacha.

Kwenye mchezo ule kila mmoja huweka daftari la pembeni, siyo kwa wema, ni ili wenzio wasikupunje mgao. Ndiyo, wapunjaji tuliogopa kupunjana. Langu ninalo bado. Lina majina ya niliowapimia kwa mkono wangu mwezi ule na kilo zao. Nikichukua wa kijijini kwetu tu ni kaya kumi na moja. Wa vijiji vingine sikuwaandika kwa majina kamili, na hao sina namna.

Kazi niliacha msimu ule ule, kwa kisingizio cha mgongo. Sikumtaja mtu, sikwenda polisi. Mwenye kunilaumu kwa hilo ana haki. Msimu uliofuata nikaanza kulipa korosho kwa korosho kutoka shamba la mama, maana fedha ningezila njiani. Habari ya mara nne sikuipata kwa Zakayo, aliniambia mke wangu. Alisema ukirudisha kilo moja uliyochukua mwaka jana bado umemkopa mtu bila kumwomba.

Wa kwanza alikuwa mzee. Magunia sita, kilo sita, mara nne. Nikabeba ishirini na nne kwenye gunia la katani, begani, usiku ili nisionekane. Alikuwa anakula. Hakuniuliza nini hiki. Akamwita mjukuu alete mizani yake ndogo ya samaki, akaifunga kwenye boriti la ukumbi, akatundika gunia, akaleta taa karibu. Tukasubiri sindano itulie, na safari hii nilisubiri kweli. Ikasimama ishirini na tano.

"Toa moja ya gunia," akasema. "Ishirini na nne. Andika."

Nikaandika, na yeye akaendelea kula, akanisogezea bakuli la maji ninawe.

Wengine kumi: saba nimemalizana nao. Wawili kati ya hao saba walipokea wakanitukana, mmoja mpaka leo hanisalimii, sawa tu. Mmoja alikataa kupokea, akasema anipeleke kwa Mungu hivyo hivyo nilivyo. Wawili waliobaki walishakufa kabla sijawafikia. Wa kwanza warithi wake nimewapata, tunalipana kidogo kidogo. Wa pili ndiye ananisumbua. Alikuwa mjane, aliacha binti mmoja, na naambiwa binti aliolewa Kilwa akahamia huko, wengine wanasema Kivinje, wengine Masoko. Ni mama wa makamo sasa, asili yake kijiji cha kati ya Mtama na Nyangao, mama yake alikuwa na mikorosho michache karibu na mto na alikuwa anakuja kupima na mbuzi kamfunga kamba. Sitaji jina hapa. Kilo kumi na mbili.

Mwenye kumfahamu aje pembeni.

---

#17 Mama Feri

Kilwa Masoko nina dada anakausha dagaa. Nakuja pembeni.